Vumbi la chuma kifuani: mbona fundi mmoja anapona na mwingine hapati tena pumzi

Ukipita Mwanjelwa au Kabwe pale Mbeya mjini, au ukishuka Makambako kwenye makutano, hukosi kusikia grenda inalia, mageti yanachomelewa, bodi za fuso zinanyooshwa. Na ukimuuliza fundi yeyote pale analindaje kifua chake, jibu ni lile lile kuanzia fundi mkuu mpaka dogo aliyeanza kujifunza juzi: maziwa. Tunakunywa maziwa bana, yanasafisha.

Tuanzie hapo hapo maana hili limekaa vichwani muda mrefu. Maziwa yanapita njia ya chakula yanaenda tumboni, vumbi linapita njia ya hewa linaenda mapafuni, na zikishaachana pale kooni hizo njia mbili hazikutani tena. Nusu lita ya maziwa ni chakula kizuri, hasa kwa mtu anayeshinda juani na chapati moja ya asubuhi, ila hakuna punje hata moja ya vumbi inayotolewa kwenye pafu na maziwa. Nafuu anayoisikia fundi ni ya koo, limelainika, basi.

Maziwa lakini ni jambo dogo. Kubwa zaidi ni kwamba watu wanaongelea vumbi la chuma kana kwamba ni kitu kimoja, unalivuta, miaka inapita, kifua kinaharibika, mwisho wa hadithi. Haiko hivyo kabisa. Kuna chuma kinachotisha kwenye eksirei afu mwenye pafu lake anapanda kilima bila shida, kuna kingine hukioni kwa macho na kinakulaza na homa usiku huo huo, na kuna kingine mafundi wote wa karakana wanakivuta pamoja na anaumwa mmoja tu, wenzake wanamwona mvivu. Kwenye haya mambo macho yanadanganya sana.

Yanadanganya kuanzia kwenye ukubwa wa punje. Lile vumbi jeusi unalolipenga jioni kwenye leso ndilo linalokutisha, kumbe hilo limeshakamatwa na pua, limefeli. Unywele wa mtu una upana wa kama maikromita 70, na maikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Punje za chini ya 10 ndo zinaanza kupenya kuelekea kifuani, na zile za chini ya 4 zinafika mpaka mwisho kabisa, kwenye vifuko vidogo vya hewa ambako oksijeni inaingia kwenye damu. Huko hakuna vile vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu, kuna seli za ulinzi tu zinazojaribu kumeza kila kilichoingia. Sasa moshi wa kuchomelea punje zake nyingi hazifiki hata maikromita 1, na huo moshi usiuchukulie kama moshi wa kuni, ni chuma kilichochemka kikawa mvuke halafu kikapoa hewani kikawa vumbi laini kupita maelezo. Kwa hiyo anayekata kwa grenda na kuonekana amepakaa vumbi mwili mzima, na anayechomelea akiwa msafi na shati lake jeupe, huyu wa pili anaweza kuwa amevuta vumbi baya zaidi.

Chuma cha kawaida kwanza, hiki cha skwea paipu na flati baa. Vumbi lake ni oksaidi ya chuma, ndugu yake kutu, na likikaa kwenye mapafu miaka mingi linaleta kitu wanachokiita siderosi. Mwaka 1936 kule Uingereza madaktari wawili, Doig na McLaughlin, waliwapiga eksirei wachomeleaji wa umeme wakakuta mapafu yamejaa vidoa vidoa, picha ya kutisha kweli, na wenyewe walikuwa wanapumua bila taabu kubwa. Baadaye wakaja kuona pia kwamba mtu akiacha kazi vile vidoa vinaweza kupungua. Sababu ni kwamba chuma kinazuia miale ya eksirei kwa nguvu kwa hiyo kinaonekana sana, ila chenyewe hakichokozi sana nyama ya pafu, hakiachi makovu mengi. Kinachoonekana kwenye picha ni chuma chenyewe kimekaa, uharibifu ni mdogo.

Hapo sasa usikimbie na hiyo nusu ukawaambia watu chuma hakina neno. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya WHO, liliweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na hawakubagua, moshi wa chuma cha kawaida nao umo. Na wachomeleaji wanapata nimonia kuliko watu wengine, mpaka Uingereza wanashauri wapewe chanjo ya nimonia. Siderosi yenyewe ni pole, moshi ulioileta sio mpole. Nimeona watu wanabishana hapa, kila mmoja ameshika nusu yake ya ukweli.

Zinki ndo nataka tukae nayo kidogo maana mafundi wengi wa huku wameshaumwa na hawajui waliumwa nini. Bomba la maji, bati, waya wa fensi, nondo zile zinazong'aa, vingi vimepakwa zinki ili visishike kutu. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chuma kinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500, kwa hiyo ukigusisha rodi kwenye bomba la namna hiyo, kabla chuma hakijaanza hata kuyeyuka zinki yote ya pale imeshachemka na kuondoka, kama maji uliyoyamwagia kikaango kilichokolea moto. Ule moshi mweupe mzito na yale manyoya meupe yanayoelea, ndo yenyewe.

Fundi anamaliza kazi yuko fresh. Masaa manne mpaka kumi baadaye, mara nyingi ameshafika nyumbani, anaanza kusikia ladha ya chuma mdomoni, kiu, baridi inampiga mpaka anajifunika blanketi mbili, homa, viungo vyote vinauma, kikohozi kikavu. Mke anasema malaria hiyo, dogo anatumwa duka la dawa, mgonjwa anameza dawa ya mseto, kesho yake au keshokutwa mzima kabisa anarudi kazini na sifa zote zinaenda kwa dawa. Kumbe hiyo ni homa ya moshi wa chuma, inaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, umeze dawa usimeze. Mtu wa Kyela kuhisi malaria kwanza namwelewa, kule joto na mbu wapo, ila fundi wa Mbeya mjini au Mafinga, kwenye baridi hii, anayepata "malaria" kila akipewa tenda ya kuunga mabomba, na kipimo cha haraka kila mara hakioni kitu, huyo ajiulize.

Na ina kituko chake. Ukiivuta kila siku mwili unaizoea, ukipumzika siku mbili mazoea yanapotea, ndo maana inapiga zaidi Jumatatu. Fundi anaumwa Jumatatu usiku, Jumanne anajikongoja, Jumatano na Alhamisi mzima huku anachomelea vitu vile vile, wenzake wanasema jamaa alilewa Jumapili. Sio pombe, au niseme sio pombe peke yake.

Kwa mara moja moja homa hii haiachi kovu. Hatari yake kubwa ni kwamba inafanana na kitu kibaya sana, sumu ya metali nyingine iitwayo kadimiamu. Hii inakaa kwenye baadhi ya silva za kuungia mabomba ya shaba, mafundi friji wanazijua, na kwenye bolti nyingine zilizopakwa. Inaanza vile vile, homa na baridi, mtu anasema nitalala nitaamka mzima, ila yeye badala ya kuamka mzima siku ya pili kifua kinabana, mapafu yanajaa maji, na watu wamekufa hivyo. Ndo maana homa baada ya kuchomelea ikiambatana na kukosa pumzi, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huo.

Stenlesi nayo siku hizi imeingia kwa fujo, kila nyumba mpya Iringa inataka reli za ngazi za kung'aa. Moshi wake una kromiamu na nikeli, vyote viko kwenye orodha ya vitu vya saratani tangu 1990, na kromiamu hiyo inaleta pumu kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na pumu maishani. Anabanwa kifua akiwa kazini au usiku wake, wikiendi anapata nafuu, akienda likizo kijijini anapona, akirudi inarudi. Huo mtindo wa kupona ukiwa mbali na kazi ukumbuke, ni ushahidi mkubwa kuliko vipimo vingi.

Twende Mafinga sasa, kwenye misumeno. Kuanzia Sao Hill huko ndani mpaka mjini ni mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao, na viwanda vya mbao, na watu wakiongelea kifua kule wanaongelea vumbi la mbao, ambalo kweli lina kesi yake. Ila nyuma ya kila kiwanda kuna chumba au kona ya kunolea, na mnoaji haongelewi. Baadhi ya misumeno ya duara meno yake yana ncha za kabaidi zilizobandikwa, na hiyo kabaidi sio chuma cha kawaida, ni unga wa tungsteni na kaboni ulioshikanishwa na kobalti, kobalti ikiwa kama asilimia 5 hadi 25. Ukiinoa kwa jiwe la almasi unatengeneza vumbi laini sana la kijivu, dogo tu, halijazi hata kijiko kwa siku.

Hicho kijiko ndo kinaleta ugonjwa wa pafu wa chuma kigumu. Umejulikana tangu Ujerumani, 1940. Tungsteni peke yake haina makuu, kobalti ndo mkorofi, na ikiwa pamoja na kabaidi inazidi ukorofi. Halafu haifuati hesabu tuliyoizoea ya kwamba ukivuta kingi utaumwa zaidi. Mwingine ananoa miaka 20 anastaafu salama, mwingine hata miaka miwili haijaisha anakohoa, anakonda, akipanda ngazi anasimama katikati. Ni mwili wa huyo mtu umeikataa kobalti, kinga yake yenyewe ndo inawasha moto ndani ya pafu. Wakichukua kinyama wakakitazama kwenye hadubini wanakuta seli kubwa kubwa zimemeza seli wenzake, kitu ambacho hakionekani kwenye magonjwa mengi. Akitolewa kwenye vumbi mapema anaweza kurudi vizuri, akichelewa linakuwa kovu, na kovu la pafu halifutiki kwa dawa yoyote iliyopo.

Wengi wakiambiwa vumbi wanamwagia maji, na kwa mawe hiyo ni sahihi kabisa. Kwa kobalti ina mtego: inayeyuka kwenye yale maji ya kupozea, na kama maji yanazungushwa hayo hayo wiki nzima bila kubadilishwa, ule unyunyu unaoruka usoni una kobalti iliyokolea na iliyo tayari kuingia mwilini. Maji yabadilishwe na jiwe lifunikwe. Stellite, ule mchanganyiko mgumu wa metali unaowekwa kwenye meno ya misumeno ya mkanda, nayo ina kobalti, usisahau. Na wale mafundi wa Chunya wanaonoa biti za kutobolea mwamba, zile ncha ni kabaidi hiyo hiyo, ingawa kule jiwe lenyewe lina silika na silika ndo muuaji mkuu, inaleta makovu na inamfungulia TB mlango. Silika inataka makala yake.

Berili, metali nyingine, naipitia haraka kwa sababu huku sio rahisi kukutana nayo, ipo kwenye baadhi ya shaba maalumu na vifaa vya umeme, kwa hiyo wanaoyeyusha skrepu ndo waangalie. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyofundisha madaktari somo zima. Mwaka 1946 kule Massachusetts, daktari Harriet Hardy alifuatilia wafanyakazi wa kiwanda cha taa za tyubu walioumwa mapafu, akaonyesha ni berili, na baadaye ikajulikana kwamba watu wenye aina fulani ya jeni ya kurithi ndo wanaoshikwa zaidi. Kiasi kidogo mno kinatosha, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi.

Sasa fikiria mtu wa namna hii anafika zahanati na kikohozi cha wiki tatu. Huku kwetu anapimwa TB, na hiyo ni sawa kabisa, apimwe, tena mwenye vumbi la mawe apimwe mara mbili. Kasheshe inaanza makohozi yakirudi hayana kitu. Eksirei ina vidoa, vidoa vya siderosi na vya silika vinaweza kufanana na TB iliyosambaa, na ugonjwa wa berili unafanana na sakoidosi, ugonjwa mwingine wa mapafu, mpaka wataalamu wanachanganya. Mtu anaanzishiwa dawa za miezi sita za TB ambayo hana, au anaambiwa huna kitu nenda nyumbani, na kote kuwili kesho yake yuko kwenye vumbi lile lile. Mi naona kosa kubwa lipo kwenye swali moja lisiloulizwa. Daktari anauliza unafanya kazi gani, mgonjwa anasema fundi, anaandika "fundi", wanaendelea. Fundi wa nini? Wa chuma gani? Unakinoa, unakikata au unakichomelea?

Kama daktari hakuulizi, mwambie mwenyewe. Piga picha paketi ya rodi, pale imeandikwa: E6013 ni ya chuma cha kawaida, E308L ni ya stenlesi, hizo herufi chache zinamweleza mtaalamu kilichokuwa kwenye moshi. Mwambie umeanza mwaka gani, karakana ina uwazi au imezibwa, wikiendi unapata nafuu au hupati. Afu uliza kipimo cha kupuliza, kile cha kuangalia pafu linatoa hewa kiasi gani na kwa kasi gani, maana eksirei inaonyesha sura ya pafu, kupuliza kunaonyesha kazi yake. Ikibidi picha ya CT basi rufaa ya kwenda hospitali ya rufaa ya kanda pale Mbeya ndo njia yake. Na kwa wenzangu mnaosalimiana "kamwene" na mnaosalimiana "ugonile" wote, tukumbuke tunaishi juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kuliko Dar, pafu lililopungua linajitangaza mapema kwenye vilima vyetu. Mtu anasema uzee huo, ana miaka 38.

Kujikinga nako kumejaa imani. Ile kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi inalinda macho na uso, kifua hailindi, na miwani ya jua wala hata macho hailindi vizuri. Kitambaa, leso na barakoa ya buluu ya hospitali vinazuia vumbi kubwa, lile ambalo pua ingelikamata yenyewe. Unataka barakoa ya kuchuja vumbi laini, N95 au FFP2, iliyoshika uso bila upenyo, na hapa ndevu zinaharibu kila kitu maana hewa inapita pembeni, ila hata hiyo barakoa kwa gesi haisaidii. Kabla ya barakoa lakini kuna kinachosaidia zaidi na ni bure, kichwa. Wachomeleaji wengi wanainama juu kabisa ya moshi, unapanda moja kwa moja usoni. Kaa ubavuni, upepo ukupige kutoka pembeni, moshi uende zake. Zinki ikwangue inchi chache pande zote mbili kabla ya kuchomelea, na ukiikwangua kwa grenda vaa barakoa.

Tatizo la huku ni Juni na Julai. Baridi ya Mbeya, Makete, Njombe, nani atachomelea nje saa moja asubuhi? Turubai linashushwa, mlango unafungwa, jiko la mkaa linawekwa katikati, na moshi wote wa siku unabaki na watu. Miezi hiyo ndo ya kuacha walau pande mbili wazi hata kama vidole vinaganda. Na ile tabia ya kujipuliza nguo kwa kompresa jioni, au kufagia karakana kikavu, ni kulirudisha hewani vumbi lililokuwa limeshatua. Mwagia maji kidogo ndo ufagie. Anayefagia kila siku ni dogo anayejifunza, mwenye mapafu ya miaka 17.

Kisheria mambo yapo. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ni ya 2003, OSHA, wakala wa serikali, ndo wasimamizi, na mwajiri anatakiwa kuwapima afya wafanyakazi anapowaajiri na mara kwa mara baada ya hapo. Mfuko wa fidia, WCF, ulianza 2015, michango analipa mwajiri na hatakiwi kumkata mfanyakazi hata shilingi, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo, sio ajali tu. Ila huu mfumo umejengwa kwa mtu aliyeajiriwa. Deiwaka wa Mafinga asiye na karatasi, au fundi mwenye kibanda chake mwenyewe, fidia anaisikia redioni.

Swali ambalo kila mgonjwa analiuliza mwisho ni je, niache kazi? Na hapa ndo utaona kwa nini nimesumbuka kutenganisha chuma na chuma. Mwenye siderosi peke yake anaweza kuendelea, moshi ukipunguzwa na kifua kikipimwa kila mwaka. Wa homa ya zinki abadilishe namna ya kufanya kazi. Wa pumu ya stenlesi abaki kwenye chuma cha kawaida ikiwa kweli kifua kinatulia, na sigara aitupe leo. Wa kobalti hana mjadala, kwake kupunguza hakutoshi kwa sababu mwili umeshaikariri na kiasi kidogo kinawasha upya. Mafinga kazi ni nyingi, anaweza kupima mbao, kupakia, kusimamia stoo, kuendesha trekta, lakini kwenye lile jiwe la kunolea asirudi, hata kumshikia mwenzie zamu ya nusu siku.